Kisu Kilichovaa Shaba

Mume wangu Hezekia alikuwa na kisu ambacho hakikukata kitu. Naanza na kisu kwa sababu yote yametoka hapo, na kwa sababu mimi nikianza kusimulia huwa natangatanga, watoto wangu watakuambia. Kilikuwa kisu cha chuma cha kawaida, mpini umefungwa waya, kimesuguliwa kwa mchanga mpaka kinang'aa. Nilipokuwa bado bi harusi nilikichukua nikakatia kabichi. Hezekia, mtu mpole ambaye hata mbuzi hamkemei, alinipokonya kile kisu mkononi bila neno, akakiosha, akakisugua, akakirudisha juu ya boriti ya banda. Sikukigusa tena kwa miaka arobaini.

Sisi tunakaa juu ya kijiji cha Lukozi, mteremkoni, na tunalima viazi. Ukungu ukishuka siku tatu mfululizo bila jua, ugonjwa wa bakajani huingia shambani. Jani linapata doa jeusi kama lililomwagiwa maji ya moto, na kabla hujasema utaliangalia kesho, shina limelala. Wenzetu hununua dawa za paketi dukani. Hezekia alichanganya ya kwake kwa mrututu, yale mawe madogo ya buluu, na chokaa, kama alivyofundishwa ujanani alipokuwa kibarua kwenye shamba la kahawa. Alijifungia bandani ili upepo usimrushie vumbi la chokaa machoni. Akishamaliza kukoroga alishusha kile kisu, akakichovya kwenye ndoo, akangoja, akakitoa, akakitazama. Wakati mwingine alikifuta, akaongeza kitu, akachovya tena. Ndipo akafungua mlango.

Nimejuaje? Nilichungulia, na mengine aliyaeleza mwenyewe mbele ya wazee. Banda letu limejengwa kwa mabanzi ya mbao kutoka Shume, na kati ya banzi na banzi upande wa nyuma pana ufa unaotosha jicho. Nilichungulia mara moja tu, miaka kumi na tisa iliyopita, nikaona mume wangu anachovya kisu kwenye ndoo na kisu kinatoka chekundu. Narudia, chekundu, na hakuna kuku aliyechinjwa. Mimi ni binti wa mwinjilisti. Nilihisi nywele zinanisimama chini ya kitambaa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Nikodemo, mzee wa kanisa, nikamweleza. Hezekia akaitwa mbele ya wazee. Wakamuuliza, kisu kile ni cha nini? Akajibu kweli tupu: kikitoka chekundu dawa haijaiva, kikitoka cheupe imeiva. Wakamuuliza, nani anakifanya kiwe chekundu? Akasema hajui, ila ndivyo kinavyofanya, njooni muone. Nikodemo akasema mtu haendi kutazama uganga akarudi msafi. Basi hawakwenda. Hezekia akatengwa na meza ya Bwana miezi sita, akawa anakaa benchi la nyuma peke yake, shati limepigwa pasi na mimi. Siku ya kurudishwa kundini alisimama mbele ya watu wote akakiri kosa ambalo hakulijua. Hakuniuliza kamwe ni nani aliyemsema, na mimi nikafunga mdomo. Mimi, ambaye kufunga mdomo sijui.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukaenda nao. Akili anayo, macho anayo, mkono wa kushoto anao, lakini neno halitoki. Kila asubuhi namkalisha kwenye kiti barazani, akitazama shamba na mlango wa banda.

Masika ya mwaka huu yakaja na hasira. Mlima ukaporomoka barabarani huko chini, na kwa wiki nzima hakikupanda kitu isipokuwa bodaboda waliobeba pikipiki zao mabegani. Dukani dawa zikaisha siku ya pili. Na ukungu ukashuka, ukakaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne nikaona doa jeusi kwenye kona ya chini ya shamba letu.

Hapo lazima uelewe ni viazi gani. Ni vile vyekundu vya mama yangu, ngozi nyembamba, ndani njano. Zamani kila nyumba ilikuwa navyo. Watu wakaviacha, wakahamia mbegu mpya zinazozaa makubwa. Hezekia ndiye aliyekataa. Kila mavuno alichagua kimoja kimoja, akavihifadhi gizani, akavipanda tena, na kwa jinsi ninavyojua hakuna mwingine aliyebaki navyo mlima huu. Mwaka huu mbegu yote ilikuwa ardhini. Shamba likifa, vimekwisha, na hakuna mahali pa kwenda kuomba. Tena tangu kiharusi kimpige, ukiacha uji, hicho ndicho chakula pekee anachomeza bila kukabwa, nikikiponda kwa maziwa.

Nikaingia bandani nichanganye mwenyewe. Vipimo nilivijua, nimeishi na yule mtu miaka arobaini: kopo moja la mrututu kwenye ndoo ya plastiki, kopo moja la chokaa kwenye chungu, kisha unakutanisha. Nikapasha maji kidogo, nikaloweka yale mawe ya buluu mpaka yakayeyuka. Nikachota chokaa juu ya gunia, laini kama unga, nikaikoroga na maji. Nikamimina.

Kutoka barazani nikasikia Hezekia anapiga mkono wa kiti. Anapiga, anapiga. Nikatoka, nikamkuta ananyoosha kidole kuelekea banda, juu, kwenye boriti. Nilijua vizuri anachoonyesha. Nikajitia hamnazo. "Uji wako bado, Baba Shukrani," nikamwambia, tena kwa ukali. Nikajitwisha bomba mgongoni, nikaenda kupulizia.

Namshukuru Mungu mvua ilinikatiza. Nilikuwa nimemaliza matuta mawili tu. Baada ya siku mbili matuta yale mawili yaliungua kingo za majani, yakajikunja, yakawa rangi ya tumbaku. Bakajani upande mmoja, dawa yangu upande mwingine. Nikakaa chini kwenye matope nikalia, na sioni haya kusema.

Mpangaji wetu, mwalimu Yusra, ndiye aliyenikuta hapo. Ni binti wa Tanga mjini, anafundisha kemia sekondari, amepanga chumba cha mwisho. Huku kwetu bado hajakuzoea, analala na soksi na sweta mbili, na mimi humtania kwamba siku moja tutamkuta amejifunika godoro. Ilikuwa Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimeua mbegu ya mama yangu," nikamwambia, nikamwonyesha majani.

Aliyageuza geuza. Akauliza nilipulizia nini. Nilipotaja mrututu alinikazia macho. "Mama, unao mrututu humu ndani? Na mimi watoto wangu mwaka wa tatu huu nawachorea ubaoni kwa chaki ya buluu?"

"Hukuuliza," nikasema.

Tukaingia bandani. Ndoo niliyoichanganya ilikuwa bado hapo, zaidi ya nusu. Yusra aliinama, akaitazama muda mrefu bila kuigusa. Chini palikuwa na tope la kijanikijani. Juu yake maji yalikuwa yametulia, safi, lakini ya buluu, buluu ya kupendeza kabisa.

"Hii haijamaliza," akasema.

"Kumaliza nini?"

Akachuchumaa, akanieleza kama anavyowaeleza watoto. Akasema vitu viwili ukivichanganya, wakati mwingine vinakaa tu pamoja, kama chumvi na mchanga, kila kimoja kinabaki kilivyo. Lakini wakati mwingine vinashikana na kuwa kitu kingine kabisa, ambacho hakikuwepo. Na vikifanya hivyo huwa havifanyi kimya, vinatoa dalili. Joto linapanda bila moto. Mapovu yanatoka ingawa hakuna aliyechemsha. Rangi inageuka, au harufu. Au maji mawili maangavu yakikutana, kinazaliwa kitu kizito ndani yake na kuzama chini. "Si lazima zote zije," akasema. "Ila ukiikosa ile uliyoitegemea, ujue kuna jambo. Hapa maji ya juu bado ni ya buluu, maana yake mrututu haujashikwa wote. Huo uliobaki ndio uliochoma majani yako. Chokaa yako, ulipoitia maji, ilipata moto?"

"Hata kidogo. Ilikuwa baridi kama mimi na wewe."

"Ulichota wapi?"

Nikamwonyesha. Gunia lilikuwa limekaa wazi tangu Hezekia augue, mwaka mzima likivuta ukungu. Yusra akafuta unga wa juu kwa kopo, akasema hii imekwisha zeeka, nguvu imeshatoka. Akazamisha mkono uliovikwa mfuko wa plastiki mpaka chini kabisa, akaibuka na mabonge magumu, meupe, makavu. Akayaweka kwenye chungu, akaniambia nisogee na nijifunike uso, akanyunyizia maji kidogo.

Hakikutokea kitu. Nikataka kufungua mdomo. Ndipo bonge moja likalia, kama kijiti kinachovunjwa. Likapasuka. Mvuke ukaanza kuchungulia kwenye mpasuko wake, na mabonge mengine nayo yakaanza kulia, kuvimba, kumeguka, na chungu kizima kikachemka. Kilichemka kwelikweli, kinatokota kama makande, na chini yake hapana hata njiti ya kiberiti. Nilisogeza kiganja karibu na ubavu wa chungu, nikakirudisha haraka. Moto ule ulikuwa umelala ndani ya jiwe, kwenye gunia, kwenye kona ya banda langu, nami napita hapo kila siku nikitafuta jembe. Yusra alinitazama, akaona machozi, akadhani ni vumbi.

Wakati chokaa inapoa, Hezekia akaanza tena kupiga kiti.

"Babu anataka nini?" Yusra akauliza.

"Hataki kitu."

Lakini yule binti si mtu wa kudanganywa. Alitoka, akafuata kidole cha mzee, akarudi, akapanda juu ya kinu, akapapasa boriti. Akashuka na kisu. Kilikuwa kimeshika kutu kidogo. Akakigeuza mkononi, akanitazama, akatazama ndoo, akanitazama tena.

"Hiki alikuwa akikichovya humu?"

Nikageukia gunia la chokaa, nikaanza kulifunga mdomo.

"Kikawa kinatoka chekundu?"

"Nani kakwambia?" nikamkaripia. "Nani kakwambia jambo la nyumba yangu?"

"Hajaniambia mtu, mama. Lipo kwenye kitabu cha kidato cha pili. Sisi hutumia msumari." Akanyoosha kisu kuelekea ndoo. "Naomba nichovye."

"Si ndani ya nyumba hii."

Akashusha mkono kwa heshima, wala hakubishana. Nikasimama pale katikati ya banda. Mlango ulikuwa wazi, nikaona ukungu umekalia shamba tena, umefika nusu, na nusu ya juu bado kijani. Nikamwona Hezekia kitini, kidole bado kimenyooka, mkono umechoka lakini haushuki. Nikasema moyoni, Bwana, kama ni dhambi na iwe yangu. Nikamnyang'anya Yusra kisu, nikakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, nikakichovya mwenyewe kwenye ile dawa ya juzi.

"Hesabu polepole mpaka sitini," akasema Yusra.

Sikumbuki nilihesabu nini. Nikakitoa. Pale kilipoingia, kilikuwa chekundu.

Ni ule ule wekundu niliouona kupitia ufa, miaka kumi na tisa nimeubeba kifuani. Ningekitupa, lakini Yusra alinishika kifundo cha mkono, akanivuta mpaka mlangoni kwenye mwanga.

"Tazama vizuri. Usiogope, tazama."

Nikatazama. Haikuwa damu. Ilikuwa imekaa juu ya chuma kama vumbi laini, na Yusra alipoisugua kwa pembe ya khanga ikang'aa kama waya wa ndani wa kamba ya umeme. "Ni shaba, mama. Shaba ndiyo inayoupa mrututu ule ubuluu. Ilikuwa imejificha ndani ya maji, ikakutana na chuma, chuma kidogo kikaingia majini na shaba ikatoka ikakaa mahali pake. Ikikuta chokaa ya kutosha inashikwa yote, haina nafasi ya kuja kwenye kisu. Kwa hiyo kisu kinakuambia kama bado kuna shaba inayozurura." Akamgeukia mzee barazani. "Wallahi, babu huyu alikuwa na maabara."

Madini ndani ya maji. Maji unayaona mpaka chini, na ndani yake mna madini, na kisu cha kawaida kinayaita yanakuja. Nimeimba kwaya maisha yangu yote juu ya kazi za mikono ya Mungu, milima na bahari, na sikujua nilikuwa nayo moja kwenye ndoo. Nilikaa kwenye kinu nikishika kile kisu kama mtu aliyeshika mtoto wa mtu mwingine.

Tukamimina chokaa mpya kidogo, nikakoroga, nikafuta kisu, nikachovya. Kikatoka na wekundu hafifu. Tukaongeza. Sasa dawa yenyewe ikabadilika mbele ya macho yetu, ule ukijani ukakimbia, ikawa nzito, laini, buluu ya anga la Januari. Nikachovya mara ya tatu, nikahesabu mpaka sitini kwa sauti, na barazani Hezekia alikuwa ameacha kupiga. Nikakitoa. Kilikuwa cheupe kama kilivyoingia.

Nikakipeleka nikamwonyesha. Alikitazama upande huu na upande ule, kama alivyokuwa akifanya, kisha akashusha mkono wake mapajani. Nikajitwisha bomba.

Tulipulizia siku ile nzima tukipokezana, Yusra na sweta zake mbili, akiteleza na kucheka. Kona ya chini ilikufa, na yale matuta yangu mawili. Mengine yote yalisimama. Wiki ikapita, madoa yakakauka yakabaki alama tu, na majani mapya yakatoka juu yake, yakiwa na vumbi la buluu kama nakshi za khanga. Mbegu ya mama yangu ilipona.

Mashamba ya majirani hayakupona. Jumamosi iliyofuata akaja Nikodemo, mzee sasa, fimbo mkononi, kofia imelowa. Viazi vyake vilikuwa vinakwenda. Hakuzunguka sana. Aliuliza kama ni kweli ninayo ile dawa ya Hezekia.

"Ninayo," nikasema. "Lakini hapa hatoki mtu na dawa ambayo hajaipima mwenyewe."

Nilimwomba Yusra anisaidie, tukambeba Hezekia na kiti chake tukamweka ndani ya banda. Nikachanganya, chokaa nikaipunguza makusudi. Kisha nikamkabidhi Nikodemo kisu. "Chovya, mzee wa kanisa."

Alinitazama, akamtazama Hezekia. Angeweza kuondoka. Njaa ya watoto ikamzuia, au labda kitu kingine, simsemei. Akachovya, akatoa, akaona wekundu, akarudi nyuma hatua moja. Nikamweleza habari ya shaba, kama nilivyofundishwa, nikamsugulia ing'ae. Nikaongeza chokaa, nikamwambia achovye tena. Kikatoka cheupe. Nikodemo akavua kofia.

"Alituambia twende tukaone," akasema polepole.

"Alisema."

"Na sisi tukakataa."

Hapo sasa likabaki neno langu. Nilikuwa nimekusudia kulisema tukiwa wawili tu, lakini lilinitoka. Nilipiga magoti kwenye udongo mbele ya kile kiti, mtu wa miaka sitini na mbili. "Baba Shukrani, aliyekusema kwa wazee ni mimi. Nilichungulia. Nikaona, na badala ya kukuuliza wewe nikakimbilia kwao. Ukakaa benchi la nyuma miezi sita kwa ajili yangu, na mimi ndiye niliyekupigia pasi shati. Nisamehe."

Hezekia akainua mkono wa kushoto, akaonyesha ukuta wa nyuma. Nikageuka. Alikuwa anaonyesha ule ufa, mwanga unaingia. Akarudisha kidole, akagusa chini ya jicho lake. Halafu akanionyesha mimi. Na nusu ya mdomo wake iliyobaki ikatabasamu.

"Anasema nini?" Nikodemo akauliza.

Niliinuka nikausogelea ule ufa. Nyuma ya ukuta ule, nje, mabanzi ya akiba yamepangwa mpaka kifuani, yako pale tangu tujenge. Misumari iko kwenye kopo juu ya dirisha. Yule mtu paa likivuja tone moja analiziba siku hiyo hiyo. Miaka kumi na tisa, na ufa ule hakuuziba.

Nikatazama chini. Sakafuni palikuwa na duara la buluu, limeingia kwenye udongo kabisa, mahali alipozoea kuweka ndoo yake msimu baada ya msimu. Chini ya dirisha la banda, penye mwanga, hapakuwa na doa lolote. Duara lilikuwa huku nyuma, hatua moja tu kutoka kwenye ufa, mahali ambapo mtu aliye nje akitia jicho ataona kila kitu.